Tuache Kuivisha Kamera ya Matukio Nguo ya Kuazima

Wengi hamkufika siku ile nilipotoa hotuba kuhusu kamera ya matukio na mmeniomba niandike nilichosema, basi ni hiki hapa chote kama nilivyokisema, nimeacha slaidi tu.

Ndugu zangu, wenzangu wa kazi, na nyie vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Naomba tuanze na kitu kidogo. Kila mtu anyooshe mkono mbele ya uso wake aupunge. Haya, pungeni, msione aibu. Sasa simamisheni. Tulieni kabisa. Bado mnauona mkono? Mnauona. Lakini kamera ninayotaka tuizungumzie leo ingekuwa mahali pa macho yenu, mkono ukipungwa ingeuona vizuri kuliko kamera yoyote ya kawaida, na ukitulia ungefutika, kama haujawahi kuwepo. Shikeni hilo la mkono uliotulia, maana nitalirudia, na nitalirudia tena.

Kamera ya kawaida inapiga picha, tuseme 30 kwa sekunde, iwe kuna kinachotokea au hakuna. Ukuta mtupu, picha 30. Gari linapita, picha 30 hizo hizo. Na kati ya picha moja na nyingine zinapita milisekunde 33 hivi ambazo haikuambii kitu, na gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa ndani ya huo muda limeshasogea karibu mita moja. Mita moja! Mtoto anayeruka barabarani hana mita moja ya kukupa.

Kamera ya matukio haipigi picha. Kila pikseli, yaani kila nukta ya kamera, inajitegemea, inakaa inaangalia kipande chake cha mwanga, na mwanga ukipanda au kushuka kupita kiwango fulani ukilinganisha na mara ya mwisho ilipoongea, inaongea. Inasema namba nne tu: niko safu ipi, mstari upi, saa hizi ni maikrosekunde ya ngapi, na je mwanga umepanda au umeshuka. Mfano 212, 97, 4518033, +1. Basi, hilo ndilo tukio moja. Halafu inanyamaza mpaka iwe na jipya. Ukifungua faili la rekodi unakuta hiyo mistari, mamilioni na mamilioni, hakuna picha humo ndani hata moja.

Wazo lenyewe limetoka kwenye jicho. Kulikuwa na msichana anaitwa Misha Mahowald, alisomea baiolojia pale Caltech, Marekani, halafu akaingia kwenye maabara ya Carver Mead, mtu wa chipu, na wakajiuliza swali ambalo mtu wa chipu peke yake asingejiuliza: kwa nini jicho halitumi picha nzima kwenye ubongo? Mwaka 1991 wakaandika kuhusu retina yao ya silikoni, yaani chipu inayoiga sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kwenye jarida la Scientific American. Mahowald alifariki 1996 akiwa na miaka 33 tu, hakuiona kazi yake inafika barabarani. Napenda kumtaja kila nikisimama mahali kama hapa, kwa sababu yeye hakuanza na picha akaipunguza, alianza na jicho. Mwaka 2008 Patrick Lichtsteiner, Christoph Posch na Tobi Delbruck wakatoa sensa, yaani chipu ya kuona mwanga, ya pikseli 128 kwa 128, inajibu ndani ya maikrosekunde 15, inakula miliwati 23, na inavumilia tofauti ya mwanga mpaka desibeli 120 wakati kamera ya kawaida inahangaika kwenye 60 hivi. Maana yake gari likitoka kwenye handaki lenye kiza kuingia kwenye jua kali, kamera ya kawaida inapofuka kidogo na hii inaendelea kuona tu. Leo sensa zimefika pikseli 1280 kwa 720.

Sasa kazi ya kugundua vitu. Tunataka kompyuta ichukue huo mto wa matukio iseme hapa kuna mtu, hapa gari, hapa baiskeli, ichore boksi. Kwa hiyo tunahitaji netiweki, yaani programu yenye leya, tabaka juu ya tabaka za mahesabu, inayojifunza kwa mifano. Na hapo ndipo swali la leo linapoingia: nani aichore hiyo netiweki? Mimi na wewe kwa mkono, tukikisia leya ngapi, upana gani, iunganishwe na nini? Au tuiachie kompyuta itafute yenyewe?

Hii ya kompyuta kutafuta muundo yenyewe wenyewe wanaiita NAS, kwa Kiingereza Neural Architecture Search, na nitatumia jina hilo kwa sababu ni fupi. Barret Zoph na Quoc Le walionyesha kwenye karatasi yao iliyosomwa mwaka 2017 kwamba inawezekana, netiweki moja inapendekeza muundo, muundo unafundishwa, unapata alama, alama inarudi kumfundisha anayependekeza apendekeze vizuri zaidi. Walijaribu miundo 12,800, wakitumia GPU 800, zile chipu za kufanya mahesabu mengi kwa mpigo, kwa pamoja. GPU 800! Na picha zenyewe zilikuwa vijipicha vya pikseli 32 kwa 32. Nakumbuka nilivyoisoma nilikata tamaa kabisa, nikasema hii ni kazi ya matajiri, sisi wengine tutakuwa watazamaji.

Lakini haikuchukua hata miaka miwili. Mwaka 2018 ikaja ENAS na wazo zuri sana, mimi naliita netiweki mama: unajenga netiweki moja kubwa ambayo miundo yote midogo iko tumboni mwake, wote wanatumia uzito uleule, yaani namba zilezile zilizofundishwa, kwa hiyo kila mtoto hafundishwi kuanzia sifuri. GPU moja, chini ya saa 16. Mwaka 2019 wakaileta kwenye kugundua vitu. Mnajua netiweki ya kugundua vitu ina uti wa mgongo unaosoma picha, ina shingo inayochanganya maelezo ya vitu vikubwa na vidogo, na ina kichwa kinachochora boksi. Basi Golnaz Ghiasi na wenzake wakaiachia kompyuta ichore shingo, ikatoka NAS-FPN, na ukiangalia ule mchoro nyaya zinapita juu chini, zinarudi, zinavuka, hakuna mtu ambaye angekaa mezani akachora vile kwa mkono. Na ikafanya kazi vizuri kuliko iliyochorwa kwa mkono.

Kwa hiyo watu wa kamera za matukio tukafurahi. Tukasema na sisi tutumie. Na hapa ndugu zangu ndipo nilipokuja kusemea.

Tulichofanya wengi wetu ni hiki. Tunachukua matukio, tunayakusanya kwa milisekunde 50, tunahesabu kila pikseli imeongea mara ngapi, tunapata kitu kinachofanana na picha, halafu tunakiingiza kwenye uwanja wa kutafuta, yaani orodha ya vipande ambavyo kompyuta inaruhusiwa kuchagua, uliotengenezwa na watu wa picha kwa ajili ya picha. Konvolusheni, yaani vichujio vidogo vinavyopita juu ya picha, za tatu kwa tatu, tano kwa tano, njia za mkato zinazoruka leya, basi. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tumeivisha kamera ya matukio nguo ya kamera ya picha, halafu tunaiomba kompyuta itafute vifungo vizuri zaidi.

Niwape kisa changu. Kuna kipindi mimi na wenzangu wawili tulitafuta uti wa mgongo kwa wiki nyingi, kila asubuhi tunafungua kompyuta tunaangalia muundo gani umeongoza usiku, tunafurahia nusu pointi, pointi moja. Mwenzetu mmoja akawa anasubiri zamu yake ya GPU, hana la kufanya, akabadilisha kitu kimoja kwenye mlango wa kuingilia, badala ya kukusanya milisekunde 50 zote kwenye kapu moja akazigawa vikapu vidogo vidogo vya muda, matukio ya mwanga kupanda mbali na ya kushuka mbali. Netiweki ileile ya kawaida, hatukuitafuta. Ikapita zote tulizokuwa tumezitafuta. Tulikaa kimya pale mezani muda mrefu. Tulikuwa tumetafuta kwa bidii sana, ila tulikuwa tunatafuta chumba ambacho hakina kitu.

Mnaona tatizo? Ukishakusanya kila kitu kwenye kapu moja umeua muda. Kamera imekuletea maikrosekunde na wewe umezimwaga kabla netiweki haijaonja. Hakuna uti wa mgongo duniani utakaorudisha kilichomwagwa mlangoni. Kwa hiyo mlango wenyewe, yaani jinsi ya kugeuza matukio kuwa kitu kinacholiwa na netiweki, lazima uwe ndani ya utafutaji. Sio kabla ya utafutaji. Ndani.

Na inawezekana, hata bila gharama kubwa. Mwaka 2023 Nikola Zubić na wenzake walikuja na njia ninayoipenda sana: badala ya kufundisha netiweki kwa kila aina ya mlango, wakapima moja kwa moja ni kiasi gani mlango unapotosha uhusiano uliokuwepo kati ya matukio ghafi, matukio yaliyokuwa karibu yamebaki karibu au yametawanywa? Kupima hivyo ni haraka kama mara 200 kuliko kufundisha netiweki nzima, na mpangilio wa milango ukawa uleule ambao ungeupata kwa kufundisha. Wakaiachia kompyuta ipange chaneli 12, yaani tabaka 12 za mlango, ikapanga, na ikashinda zilizopangwa na watu. Huo ni utafutaji ulioanza na kamera yenyewe, sio na picha.

Haya, turudi kwenye mkono uliotulia.

Siku moja tulikuwa tunacheza rekodi ya barabarani, mtu anatembea kwenye ukingo, boksi limemkaa vizuri, alama iko juu, tunatabasamu. Akafika kwenye kivuko akasimama kusubiri magari. Boksi likacheza kidogo. Likapauka. Likapotea. Yule mtu yupo, amesimama hatua mbili kutoka barabarani, na kwa netiweki yetu hayupo. Halafu akainua mguu kuvuka na boksi likarudi, kama mtu ameota kutoka ardhini. Nawauliza, ni sekunde ipi kati ya zile ambayo dereva alihitaji sana kujua kwamba yule mtu yupo? Si ile aliyokuwa amesimama? Si ileile?

Kamera haikukosea. Hakuna kilichobadilika, haikusema kitu, ndivyo ilivyoumbwa. (Na jicho letu nalo liko hivyohivyo, ukiituliza picha kabisa juu ya retina inafifia, ndiyo maana jicho linatetemeka muda wote bila wewe kujua.) Waliokosea ni sisi, tulioipa netiweki isiyo na kumbukumbu. Kugundua vitu kwa kamera ya matukio bila kumbukumbu ni kumwomba mtu asimulie mazungumzo ambayo amesikia neno moja tu.

Watu wameliona hili. Mwaka 2020 Etienne Perot na wenzake, wale waliotoa data kubwa ya megapikseli moja, waliweka leya za kumbukumbu ndani ya netiweki. Mwaka 2023 Mathias Gehrig na Davide Scaramuzza wakatoa RVT, transfoma (netiweki inayopima uhusiano wa kila kipande na vingine, hiyo ndiyo atensheni) yenye kumbukumbu kwenye kila hatua, ikapata mAP ya 47.2 kwenye data ya Gen1, rekodi za barabarani za kamera ya matukio, huku ikijibu chini ya milisekunde 12 kwenye GPU ya T4. Kwa wasiozoea, mAP ni alama ya jumla ya jinsi maboksi yalivyokaa sawasawa, mia ikiwa ndiyo mwisho. Na hiyo RVT imechorwa kwa mkono, na watu wavumilivu, wakijaribu kipande kimoja kimoja.

Sasa sikilizeni kwa makini maana hapa ndipo NAS inapoweza kutudanganya bila nia mbaya. Ili utafutaji uwe rahisi tunatumia vipimo vya haraka. Tunafundisha kidogo, tunatumia vipande vifupi vya rekodi, au tunatumia vile vipimo vya bila kufundisha kabisa, unamwonyesha netiweki kifurushi kimoja cha data unaangalia inavyoitikia, unaipa alama. Vizuri, vinaokoa muda na vinaokoa umeme. Lakini jiulize: kumbukumbu inalipa lini? Inalipa baadaye. Inalipa mtu akishasimama. Kwenye kipande kifupi ambacho kila kitu kinatembea, leya ya kumbukumbu ni mzigo tu, inakula muda na haileti kitu. Kwa hiyo utafutaji, kwa uaminifu kabisa, utaitupa. Utakuletea muundo mwepesi, mzuri, wenye alama nzuri, ambao utampoteza mtu pale kwenye kivuko. Kompyuta inatafuta ulichoipimia, haitafuti ulichokusudia.

Kwa hiyo naomba, ukiweka kumbukumbu kwenye uwanja wako wa kutafuta, weka na kipimo kinachoweza kuiona thamani yake. Rekodi ndefu. Vitu vinavyosimama. Na uiachie kompyuta iamue kumbukumbu ikae hatua ipi, maana sio lazima iwe kila hatua.

Na sio kumbukumbu yoyote tu. Ukiifundisha netiweki kwa madirisha ya milisekunde 50 halafu siku ya kazi ukataka ijibu haraka zaidi, kwa madirisha mafupi, nyingi zinaanguka vibaya. Kwenye kazi iliyotoka 2024 walijaribu kupandisha kasi namna hiyo, zile za kawaida zikashuka zaidi ya pointi 20 za mAP, lakini zile zenye leya za aina ya hali endelevu, ambazo ndani yake muda ni namba unayoweza kuibadilisha, zikashuka kidogo, chini ya pointi 4. Sasa niambieni, kama uwanja wako wa kutafuta una konvolusheni na atensheni tu, kompyuta itaipataje hiyo? Haiwezi kuchagua kisichowekwa mezani. Ndiyo maana nafurahi nikiona siku hizi kuna watu wanachanganya mezani vipande vya kujengea vya kila aina, konvolusheni, atensheni, hali endelevu, na vile vya kuchanganya tu pikseli, kisha wanaacha kila hatua ya netiweki ichague cha kwake. Hatua za mwanzo zina pikseli nyingi na hazihitaji kitu kizito, za mwisho ni ndogo zinaweza kubeba kizito. Hilo ni jambo la kutafutwa, si la kuamriwa.

Sasa la kipimo cha kasi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe.

Tuache kuhesabu mahesabu tukaita kasi. Mwaka 2019 watu wa MnasNet walionyesha kitu ambacho kilipaswa kutumaliza ubishi wote: MobileNet na NASNet, netiweki mbili za kutambua picha, zina mahesabu karibu sawa, milioni 575 kwa milioni 564, lakini ukiziweka kwenye simu, MobileNet inachukua milisekunde 113 na NASNet 183. Ile yenye mahesabu machache ndiyo iliyochelewa! Kwa nini? Kwa sababu vipande vidogo vidogo vingi, nyaya nyingi, data inabebwa huku na huku kwenye memori, na chipu inasubiri. Ndiyo maana wao walipima kila muundo kwenye simu halisi, ndani ya utafutaji wenyewe.

Na kwetu sisi ni zaidi ya hapo. Kwa kamera ya matukio muda hauanzi data ikishafika kwenye netiweki, unaanza pale pikseli ilipoongea. Ulikusanya milisekunde 50? Basi tukio la kwanza kwenye hilo dirisha limesubiri milisekunde 50 kabla hujaanza chochote, na wewe unatuandikia kwamba mfumo wako unajibu kwa milisekunde 12? Na kugeuza matukio kuwa vikapu nako kuna muda wake. Na muda huo haulingani siku zote, barabara ikiwa tupu matukio ni machache, ikinyesha mvua au taa za bandia zikimemeteka usiku matukio yanafurika, ile siku ngumu ndiyo mfumo unakuwa mzito. Pima kuanzia tukio mpaka boksi. Na upime siku mbaya, usipime wastani tu.

Kuna kisa kinachoonyesha tunapigania nini. Mwaka 2020 Davide Falanga na wenzake pale Zurich walirusha droni yenye kamera ya matukio, halafu wakairushia vitu, ikawa inavikwepa, hata vile vinavyokuja kwa mita 10 kwa sekunde. Mfumo wao wa kuona ulichelewa milisekunde 3.5 tu. Lakini hapakuwa na netiweki kubwa kwenye ule mfumo! Walitumia hesabu za mwendo, wanaondoa matukio yaliyosababishwa na droni yenyewe kusogea, yaliyobaki ni kitu kinachokuja. Droni ilijua kuna kitu, haikujua ni kitu gani. Sisi tunataka yote mawili, tujue kipo na tujue ni nini, ndani ya milisekunde chache. Hiyo bajeti ndiyo iandikwe kwenye utafutaji kama sharti, sio kama matumaini. Daniel Gehrig na Scaramuzza kwenye Nature mwaka 2024 walionyesha njia moja, wakaunganisha kamera ya kawaida ya picha 20 kwa sekunde na ya matukio, wakapata uharaka wa kamera ya picha 5,000 kwa sekunde huku data ikibaki kama ya kamera ya picha 45. Netiweki ya picha inafanya kazi yake taratibu, ya matukio inajaza katikati. Mimi naona hapo pana uwanja mpana sana wa NAS, hizo netiweki mbili zikutane wapi na zigawane kazi vipi.

Niguse haraka suala la uaminifu kisha nimalizie na swali lililoulizwa.

Kila ukitangaza muundo uliopatikana kwa NAS, weka pembeni yake miundo iliyookotwa tu kwa kubahatisha kutoka uwanja uleule, ifundishwe muda uleule. Mwaka 2019 Liam Li na Ameet Talwalkar walifanya hivyo wakakuta kubahatisha kunashindana kabisa na ENAS. Na DARTS, njia nyingine ya NAS ambayo wengi tunaipenda kwa sababu ni rahisi, inajulikana kwa tabia ya kujaza njia za mkato mpaka netiweki inakuwa kama bomba, kila kitu kinapita bila kufanyiwa kazi. Ukishindwa kumpita anayebahatisha, sema hivyo. Maana yake kazi nzuri imefanywa na uwanja wako, sio na utafutaji, na hiyo nayo ni habari ya kujenga.

Na data nayo. Gen1 ina zaidi ya saa 39 za barabarani na zaidi ya lebo 255,000, ni hazina kubwa, lakini ni pikseli 304 kwa 240, ina magari na waenda kwa miguu tu, na lebo zimewekwa mara 1 mpaka 4 kwa sekunde. Ile ya megapikseli moja ina zaidi ya saa 14 na maboksi milioni 25, lakini maboksi hayo yamewekwa na kompyuta kutoka kwenye kamera ya kawaida iliyofungwa pembeni. Mnaona? Hata lebo tumeazima. Pale ambapo kamera ya kawaida haioni vizuri, ambapo ndipo hii yetu inaona, hakuna wa kutuambia jibu sahihi. Utafutaji unaojaribu maelfu ya miundo juu ya data hiyohiyo utajifunza na makosa yake pia. Tenga kipande cha mtihani ambacho utafutaji haukigusi kamwe, na tuanze kukusanya lebo zetu wenyewe, za usiku na za mwendo mkali.

Sasa swali. Kabla sijapanda hapa kijana mmoja alinishika mkono akaniuliza, mzee, mimi nina GPU moja tu, ya kuazima usiku, nifanye nini? Nilimwambia nitakujibu mbele ya wote, maana hauko peke yako.

Anza na Gen1, inatosha. Usitafute uti wa mgongo kwanza, chukua netiweki ndogo inayojulikana uiache kama ilivyo, utafute mlango: urefu wa dirisha, vikapu vingapi, waliopanda na walioshuka pamoja au mbalimbali. Tumia kipimo cha haraka kisichohitaji kufundisha, kwenye usiku wa kwanza utakuwa umeshatupa milango mingi mibovu. Usiku wa pili na wa tatu jenga netiweki mama, ndogo tu, hatua nne, kila hatua iwe na vipande vitatu au vinne vya kuchagua, na kwenye kila hatua uweke swichi moja, kumbukumbu ipo au haipo. Fundisha kwa rekodi ndefu hata kama inabidi upunguze idadi ya rekodi. Okota miundo 20 kwa kubahatisha uiweke pembeni ya kulinganishia. Kila jaribio liandike, muundo, namba ya kuanzia bahati nasibu, muda, alama, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Ukipata watatu bora wabebe uwaweke kwenye kifaa chenyewe kitakachofanya kazi, hata kama ni bodi ndogo ya kompyuta, upime kuanzia tukio mpaka boksi.

Halafu kabla hujaangalia mAP, tafuta kwenye data yako mtu mmoja aliyesimama kando ya barabara. Icheze hiyo rekodi kwa kila mmoja wa hao watatu, na uhesabu tangu miguu yake ilipotulia, boksi lake limekaa sekunde ngapi.